Mkorosho wa Jirani: Je, Sayansi Ina Neno Katika Mambo ya Wema na Ubaya?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumza suala ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa ni la wasomi wa vyuo vikuu peke yao, ilhali ukilichunguza utaliona limesimama mlangoni kwa mkulima. Suala lenyewe ni hili: sayansi, ambayo kazi yake ni kupima, kuhesabu na kujaribu, ina nafasi gani katika kuamua lipi ni jema na lipi ni baya?

Wapo wanaojibu kwamba haina nafasi yoyote. Hao husema kuwa mizani ya dukani hupima sukari, haipimi uadilifu. Wapo pia wanaodai kuwa sayansi yatosha kwa kila kitu, na kwamba mwenye maabara hana haja ya mtu wa kumfundisha maadili. Kati ya makundi haya mawili lilitokea kundi la tatu, nalo ni la wanafalsafa wa Marekani walioiita njia yao pragmatizimu, yaani falsafa ya kuipima fikra kwa matokeo yake. Rai ya kundi hili yastahiki kuangaliwa kwa makini. Nasi hatutaipima kwa mifano ya mbali pekee. Tutaileta Kitangari, wilayani Newala, katika uwanda wa Makonde, tuiweke chini ya mkorosho, tuone itasimama au itaanguka.

Wanafalsafa wa matokeo walisema nini?

Mwanzilishi wa njia hii ni Charles Sanders Peirce (1839-1914), aliyekuwa mtu wa hesabu na vipimo kabla ya kuwa mtu wa falsafa. Mwaka 1877 alieleza kuwa binadamu hutuliza shaka zao kwa njia nne. Mmoja hung'ang'ania alichokizoea na kuziba masikio. Wa pili husubiri mwenye mamlaka amwambie la kuamini. Wa tatu huchagua lile linaloipendeza akili yake. Wa nne huliendea jambo lenyewe na kulichunguza kwa njia ambayo jibu lake halitegemei matakwa ya mtu yeyote. Njia hii ya nne ndiyo aliyoiita njia ya sayansi, na sifa yake kubwa kwake yeye ni kwamba yaweza kujisahihisha.

Baada yake alikuja William James (1842-1910), kisha John Dewey (1859-1952), na huyu ndiye aliyeichukua njia hiyo na kuiingiza moja kwa moja katika maadili. Dewey alishikilia kuwa hukumu ya kimaadili ifanane na dhana ya mtafiti. Mtu anaposema kuwa tufanye hivi kwa sababu ni vyema, maneno yake yana utabiri ndani yake: kwamba tukifanya hivi, mambo fulani yatatokea na hali ya watu itatengenea. Basi na afanye, kisha atazame. Ikiwa yaliyotokea siyo, airudie hukumu yake na kuirekebisha, wala asiwalaumu watu kwa kutolingana na nadharia yake.

Hapa inafaa tuondoe kosa moja linalorudiwa sana. Wengi hudhani kuwa falsafa hii yamaanisha chochote kinachomfaa mtu ni halali yake, mradi mkono uende kinywani. Dewey hakusema hivyo. Kwake yeye matokeo ni yote, siyo lile moja ulilolitaka. Mwenye kuiba akashiba amepata matokeo ya shibe, lakini ameleta pia hofu kwa majirani, na yeye mwenyewe amezidi kuwa mwizi. Anayehesabu shibe na kuacha kuhesabu hofu hajafanya uchunguzi wowote, amejidanganya tu kwa hesabu nusu. Basi sayansi inaingia katika maadili kupitia mlango huu: inatulazimisha tuhesabu matokeo yote, hata yale tusiyopenda kuyaona.

Msiba wa ubwiriunga

Sasa tuje nyumbani. Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha katika mwambao wetu katika karne ya 16. Lakini kwa mtu wa Newala, Masasi au Tandahimba mti huu leo ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mahari ya kijana na sanda ya mzee. Katika msimu wa 1973/1974 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/1987 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Katika muda wa miaka kumi na mitatu tu, sehemu kubwa ya neema ile ilikuwa imetoweka.

Nini kilitokea? Watafiti waliolichunguza suala hili hawakutaja sababu moja, bali walitaja kadhaa. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wakulima wengi na kuwaweka mbali na mikorosho yao, ikabaki bila kupaliliwa wala kupogolewa. Na mwishoni mwa miaka hiyohiyo ukadhihiri ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ni ukungu mweupe kama unga, unaoshambulia majani machanga, maua na matunda madogo. Ua lililovamiwa hukauka na kuwa jeusi, na mkulima aliyetazamia korosho huokota vumbi.

Ndugu msomaji, angalia hapa jinsi elimu na uadilifu vinavyoshikana mikono. Popote pale ambapo sababu ya msiba haijulikani, binadamu hutafuta mtu wa kumbebesha lawama. Shamba la fulani limekauka na la fulani limestawi, basi mwenye kustawi huonekana ana jambo. Shutuma ya ushirikina huanza kwa mnong'ono, na mara nyingi humwangukia bibi kizee asiye na mtetezi. Mtu anayejua kuwa ule unga mweupe ni ukungu unaopeperushwa na upepo na kushamiri katika baridi na unyevu wa usiku, huyo amepata zaidi ya elimu ya kilimo. Amepata kinga ya kutomdhulumu mtu. Ujinga wa sababu ni mlango wa dhulma, na anayeufunga mlango huo kwa uchunguzi amefanya kazi ya maadili, hata kama mwenyewe anadhani amefanya kazi ya maabara tu.

Wajibu uliozaliwa na elimu

Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, Mtwara, ndicho kilichobeba mzigo mkubwa wa kuuchunguza ugonjwa huu. Kutokana na kazi za watafiti ilifahamika kuwa ukungu huo haufi baada ya msimu. Hujificha katika machipukizi mabichi yanayoota ndani ya kivuli cha mti, ukangoja maua ya msimu ujao. Mti mmoja uliotelekezwa huwa ni ghala la maradhi, na upepo huyasambaza kwa miti ya jirani.

Tuchukue mfano wa majirani wawili. Mmoja amepalilia, amepogolea, amekopa fedha na kununua salfa. Wa pili anaishi mjini, mikorosho aliyoirithi kwa baba yake imekuwa pori, wala haijui hata idadi yake. Wa kwanza anamwendea na kumwambia, "Ndugu yangu, mikorosho yako inaniua." Wa pili anajibu, "Mzee mwenzangu, mimi sijakanyaga shambani kwako wala sijachuma hata bibo lako moja. Mali yangu nimeiacha ilale, kosa langu ni lipi?"

Kabla ya mwaka 1980 jawabu hilo lingekubaliwa na baraza lolote la wazee. Mtu akiiacha mali yake bila kuigusa, amemdhulumu nani? Lakini baada ya kujulikana njia ya ukungu, jawabu lile halisimami tena. Kuacha kumekuwa ni kutenda. Uzembe uliokuwa hasara ya mwenye mali peke yake sasa umedhihirika kuwa ni madhara kwa mwingine. Hakuna aliyetunga kanuni mpya ya maadili hapa. Kanuni ya kutomdhuru jirani ni ileile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua nani anadhuriwa, na kwa njia gani.

Waislamu tuna kisa kinachofanana na hiki. Katika Sunan Abi Dawud imepokelewa habari ya mtende wa Samura bin Jundub (R.A.) uliokuwa ndani ya bustani ya mtu wa Ansari. Samura alikuwa akiingia kuuhudumia, na mwenye bustani na watu wa nyumbani kwake wakipata taabu kwa kuingia kwake. Aliombwa auuze, akakataa. Aliombwa abadilishane na mwingine, akakataa. Aliombwa hata autoe zawadi kwa ahadi ya malipo mema, akakataa. Ndipo Mtume (S.A.W.) alipombainishia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamruhusu mwenye bustani aung'oe. Kisa hiki chaonesha kuwa haki ya mtu juu ya mti wake ina mpaka, na mpaka wenyewe ni madhara kwa jirani. Lakini tazama tofauti iliyopo. Taabu ya mtende ule ilionekana kwa macho ya kila mtu. Taabu ya mkorosho wenye ubwiriunga haionekani mpaka mtafiti aifuatilie. Kanuni ni moja, ila hapa kanuni yahitaji macho, na macho hayo ni uchunguzi.

Wanavyuoni wa usulul-fiqhi wanalo jina la kazi hii. Huiita tahqiqul-manat, yaani kuhakiki kama ile sababu ambayo hukumu imejengwa juu yake ipo kweli katika tukio lililo mbele yetu. Imamu Abu Ishaq al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), aliifafanua sana katika kitabu chake al-Muwafaqat, na akasisitiza pia kuwa kuyatazama matokeo ya vitendo ni jambo linalokusudiwa katika sharia. Mufti anayejua kuwa madhara ni haramu, lakini hajui kama moshi huu, dawa hii au mti huu unadhuru, hawezi kukamilisha fatwa yake mpaka amuulize mwenye ujuzi. Huyo mwenye ujuzi hahalalishi wala haharamishi, lakini pasipo yeye hukumu inabaki hewani.

Dawa nayo ina jirani yake

Pengine msomaji atasema kuwa basi suala limekwisha, kila mtu apulizie salfa na maadili yametimia. La hasha. Njia ya uchunguzi haina ruhusa ya kusimama pale inapopendeza.

Tangu miaka ya 1980 unga wa salfa umekuwa silaha kuu dhidi ya ubwiriunga. Hupulizwa kwa mashine ya mgongoni, alfajiri wakati upepo umetulia na umande ungali majani, kwa awamu kadhaa katika msimu wa maua. Uzalishaji uliinuka tena, na katika msimu wa 2017/2018 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Haitakuwa insafu kuipa salfa sifa yote hiyo, kwani bei, miche bora iliyobebeshwa na mashamba mapya navyo vilichangia. Lakini mchango wake hauna ubishi.

Pamoja na hayo, vumbi haliheshimu mpaka wa shamba. Lapeperuka hadi kwa mwenye mboga, lawasha macho na kifua cha kijana anayebeba mashine bila kitambaa cha kuziba pua, laangukia bati la jirani anayetegemea kukinga maji ya mvua, katika uwanda ambao maji yake ni adimu kwa kuwa mchanga huyameza. Na kuna jirani mwingine asiyeweza kupiga kelele, nayo ni ardhi. Salfa ikiingia udongoni, vijidudu vya ardhini huigeuza polepole kuwa asidi, na udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuhimili asidi hiyo. Amos Majule na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliohusu athari hizi za kimazingira katika mikorosho ya kusini mwa Tanzania. Atakayelipa deni la asidi siye aliyevuna leo, ni mjukuu wake atakayepanda muhogo na njugumawe katika ardhi hiyohiyo.

Kwa hiyo tendo lililokuwa wajibu kwa upande mmoja lina dhima kwa upande wa pili. Hapa ndipo tunapoiona faida ya ile rai ya Dewey kwamba lengo na njia havitenganishwi. Mkulima hakuitaka salfa kwa ajili ya salfa. Alitaka korosho, na korosho aliitaka kwa ajili ya maisha mema ya watu wake. Ikiwa njia inaiharibu ardhi yenyewe itakayowalisha watu hao, basi njia imelila lengo. Jawabu si kuiacha salfa na kuurudisha msiba. Jawabu ni kuendelea kuchunguza: kupogolea na kuondoa machipukizi yenye ukungu kabla ya maua ili dawa ihitajike kidogo, kupanda aina zinazohimili ugonjwa, kupuliza kwa kipimo na kwa wakati wake, na kupima udongo kila baada ya muda. Uadilifu hapa umekuwa ni kazi ya kudumu, siyo tamko la siku moja.

Sayansi isiyojisahihisha si sayansi

Tukiishia hapo tutakuwa tumeisifu sayansi kupita kiasi. Kuna jambo la kuogopwa nalo ni pale mtu anapolivaa jina la sayansi na kukataa mtihani wake.

Mfano wake hauko mbali na Masasi. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kwa kukusudia mamilioni ya ekari. Maeneo yaliyoteuliwa katika nchi hii yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: dunia ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Wataalamu walikuwepo, matrekta yalikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni lile jambo dogo ambalo mtafiti yeyote huanza nalo, yaani shamba la majaribio kabla ya shamba kubwa. Mvua za Kongwa hazikupimwa vya kutosha, na udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Kusini zikabaki bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, vilivyojengwa kwa ajili ya shehena ambayo haikuja kama ilivyotarajiwa, na reli yenyewe ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Tazama basi, wasomi wale walifuata njia ya pili ya Peirce, njia ya mamlaka, ingawa walivaa makoti meupe ya njia ya nne. Aliyeamrishwa atekeleze hakuuliza, na wenyeji waliozijua mvua za nchi yao hawakusikilizwa ipasavyo. Ndiyo maana wanafalsafa hawa walisisitiza kuwa uchunguzi wa kimaadili lazima uwashirikishe wale ambao jambo litawaangukia, kwa kuwa mvaaji ndiye ajuaye kiatu kinambana wapi.

Mfano wa upande wa pili unatoka Chicago. Jane Addams (1860-1935), rafiki wa Dewey, alianzisha mwaka 1889 nyumba ya huduma katika mtaa wa wahamiaji maskini, iliyojulikana kama Hull House. Alipoona taka zimerundikana na watoto wanaugua, hakuishia kuwahubiria watu usafi. Mwaka 1895 alichukua kazi ya ukaguzi wa taka, akawa anayafuata magari ya taka alfajiri kuona kama yanafanya kazi yaliyolipwa. Mwaka 1902 ulipozuka ugonjwa wa homa ya matumbo, mwenzake, daktari Alice Hamilton, alichunguza mtaa kwa mtaa na kuwashuku nzi wa vyoo vibovu. Uchunguzi wake ulisaidia kuleta mageuzi katika idara ya afya ya mji ule. Baadaye ikafahamika kuwa chanzo hasa kilikuwa bomba la maji lililopasuka na kuingiliwa na maji machafu. Hamilton aliyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake mwaka 1943, bila kuficha. Huo ndio uaminifu unaotafutwa. Mwenye elimu hapungukiwi heshima kwa kusema kuwa ushahidi mpya umemgeuza.

Katika Sahihi Muslim tunasoma kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende yao, akatoa rai kwamba huenda jambo hilo lisingewafaa kitu. Wakaliacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa hakuwalaumu wala hakuwashurutisha waendelee, bali aliwafahamisha kuwa ile ilikuwa rai tu, na kwamba katika mambo ya dunia yao wao wana ujuzi zaidi. Maulamaa wameizungumza sana hadithi hii. Sisi leo yatutosha kuchukua funzo moja: kwamba katika ulimaji wa mitende, mavuno yenyewe yaliachwa yatoe ushahidi.

Tunapokubaliana na tunapoachana

Baada ya maelezo haya msomaji ana haki ya kutuuliza: je, tumekubaliana na wanafalsafa hawa katika kila kitu? Hapana. Dewey aliona kuwa hata malengo ya mwisho nayo yawekwe katika mtihani wa uzoefu, pasiwe na lengo lolote lililo juu ya mapitio. Hapo sisi tunaachana naye. Mali ya yatima haisubiri takwimu ili iwe tukufu. Ikiwa siku moja hesabu itaonesha kuwa kijiji kitavuna zaidi kwa kumnyang'anya mjane mikorosho yake kumi na kuikabidhi kwa tajiri mwenye mashine, hatutaihitaji hesabu hiyo, hata kama imefanywa kwa usahihi. Haki ya mjane haikutokana na wingi wa korosho, basi haiwezi kuondolewa na wingi wa korosho.

Hata hivyo tuwe waadilifu kwa mpinzani. Dewey angetujibu kwamba kumdhulumu mjane nako kuna matokeo, kwani kijiji kinachomnyang'anya mmoja leo kitamnyang'anya mwingine kesho, na hapatakuwa na anayelala kwa amani. Jawabu lake lina uzito. Na kwa kweli katika mambo tisa kati ya kumi yanayowagombanisha watu, mgogoro hauko katika malengo. Wote twataka watoto washibe, ardhi ibaki na jirani asidhuriwe. Mgogoro uko katika njia: kipi kitatufikisha huko na kipi kitatupoteza. Katika uwanja huo mpana, mwenye kukataa uchunguzi kwa kisingizio cha dini hajaitetea dini. Ameiacha kanuni ya kutodhuru bila macho, kisha akamwacha jirani yake adhurike gizani.

Yafaa nini Kitangari?

Kitangari pana chuo cha ualimu, na hili si jambo dogo. Dewey alianzisha mwaka 1896 shule katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambamo watoto walijifunza kwa kupika, kufuma na kuchonga, huku wakiuliza kwa nini hili limetokea na lile halikutokea. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe pia ni mahali pa uzalishaji. Lakini shamba la shule likigeuzwa kuwa mahali pa adhabu na vibarua vya bure, roho ya fikra hizo mbili imekufa. Mwalimu aliyehitimu chuoni aweza kuigawa mikorosho ya shule mafungu mawili, moja lipogolewe na kuondolewa machipukizi yenye ukungu, la pili liachwe kama kawaida, kisha watoto wahesabu maua na kupima mavuno. Watoto hao watajifunza biolojia, na watajifunza pia kuwa mtu muungwana haapi juu ya jambo ambalo angeweza kulipima.

Na wazee wa kijiji, viongozi wa vyama vya msingi, mabwana shamba na maimamu wa misikiti wanapokaa kuamua juu ya salfa, juu ya mashamba yaliyotelekezwa au juu ya jambo lolote la umma, tunapendekeza wajiulize maswali manne kabla ya kunyanyuka. Nani atafaidika? Nani atadhurika, akiwemo yule asiyehudhuria kikao, na yule ambaye hajazaliwa? Nani atarudi baada ya msimu mmoja kupima kama tuliyoyatarajia yametokea? Na ikiwa hayakutokea, nani ana uwezo na ujasiri wa kuubadilisha uamuzi huu?

Swali la kwanza na la pili ni la uadilifu, na la tatu ni la sayansi. La nne linahitaji vyote viwili kwa pamoja, na ndilo linalosahaulika zaidi. Yule mwenye mikorosho iliyogeuka pori, anayeishi mjini, naye alijibu swali la kwanza peke yake na kuona amemaliza. Barua moja ya kumwarifu habari za ukungu na upepo ingemwondolea udhuru wake, na huenda ingemfanya atume mtu wa kupogolea kabla ya maua ya mwezi wa saba.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, atuepushe na kuwadhuru majirani zetu kwa kujua na kwa kutojua, na aibariki ardhi yetu na mavuno yake. Amin. Wallahu aalam.